Beringi iliyobanduka si lazima iwe ya bandia wala iliyonyimwa grisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nitoe maoni yangu kuhusu makala iliyotoka katika gazeti lako mwezi uliopita juu ya mashine za kusaga nafaka na gharama za kuzitunza. Mwandishi alifanya kazi nzuri ya kuzunguka vijijini na kuwahoji wenye mashine, lakini alipofika kwenye suala la beringi zinazokufa, yaani zile pete mbili za chuma zenye gololi katikati zinazobeba shafti inayozunguka, alihitimisha haraka kwamba sababu ni mbili tu: ama beringi ni ya bandia, ama fundi hakutia grisi. Picha iliyoambatana na makala ilionyesha pete ya chuma yenye shimo, na maelezo chini yake yakasema kwamba uso wa pete hiyo umelika. Nimefanya kazi ya ufundi wa mitambo kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza kiwandani na baadaye nikifundisha vijana karakanani, na kwa jinsi nilivyoiona pete ile pichani, haikulika. Ilibanduka. Anayeyachanganya maneno hayo mawili humtwisha mtu kosa lisilo lake, na pia hupitwa na jambo moja la ajabu linalotokea ndani ya chuma chenyewe, jambo ambalo sijawahi kuliona likielezwa vizuri kwa Kiswahili.

Juu ya meza ninayoandikia ipo pete ya ndani ya beringi namba 6309, ile ambayo tundu lake ni milimita 45, kipenyo cha nje cha beringi nzima ni milimita 100 na upana wake ni milimita 25. Katikati ya njia ya gololi, yaani mfereji ambamo gololi hupita, kuna shimo moja lenye ukubwa wa punje ya mahindi. Sehemu nyingine yote ya njia bado inang'aa kiasi kwamba nikiisogeza karibu na dirisha naona fremu ya miwani yangu ndani yake. Hakuna mikwaruzo, hakuna kutu, wala ile rangi ya buluu inayoachwa na joto kali. Ukipitisha ukucha, unateleza vizuri kisha unadondoka ghafla kwenye ukingo mkali. Sakafu ya shimo ni bapa, inakwenda sambamba na njia yenyewe kwa kina cha karibu robo milimita, kana kwamba mtu alipenyeza kisu chini ya uso na kubandua gamba, kama mtu anavyobandua tabaka la juu la chapati. Chuma kilicholika hakiachi sakafu ya namna hiyo. Kingelika, njia nzima ingefifia na kuchimbika polepole, na gololi zingeanza kucheza kabla ya kitu chochote kutoka.

Swali ni kwa nini gamba litoke likiwa bapa. Ili kulijibu inabidi kuingia ndani ya chuma.

Beringi nyingi za kawaida hutengenezwa kwa chuma cha pua, ambacho wazee wetu walikiita feleji, chenye kaboni karibu asilimia 1 na kromi karibu asilimia 1.5. Wajerumani hukiita 100Cr6, Wamarekani hukiita 52100 na Wajapani hukiita SUJ2, lakini ni chuma kilekile, na kimetumika tangu mwanzoni mwa karne ya 20 bila kubadilika sana katika mchanganyiko wake. Pete hupashwa moto hadi nyuzi joto zipatazo 850 za Selsiasi, huzamishwa katika mafuta ipoe haraka, kisha hupashwa tena taratibu kwenye nyuzi 160 hadi 180 ili ugumu ubaki lakini wepesi wa kuvunjika upungue. Ikitoka hapo, tupa ya kawaida huteleza juu yake bila kuuma. Ndani yake kuna martensaiti, ambayo ni chuma kilichozuia kaboni mahali ambapo haikutaka kukaa, kuna mabaki kidogo ya austenaiti, yaani hali ya chuma kikiwa na moto mkali, ambayo hayakuwahi kugeuka wakati wa kupoa, na kuna punje ndogo sana za kabidi, yaani kaboni iliyoungana na metali, zilizotawanyika kote.

Vyote hivyo ni fuwele. Atomu za chuma hujipanga kwa utaratibu wa mchemraba, moja katika kila pembe na nyingine katikati, na mpango huo hurudiwa mamilioni ya mara ndani ya chembe moja ambayo jicho haliwezi kuiona. Chembe ya jirani ina mpango uleule, ila michemraba yake imeelekea kwingine. Chukua gunia la dadu ulimwage chumbani, kisha fikiria kwamba kila dadu lilibaki lilivyoangukia, hili limesimama kwa pembe, lile limelala kwa ubavu: ndivyo pete mpya ilivyo. Kuzamishwa kwenye mafuta huzidisha mchanganyiko huo, kwa sababu chembe moja ya austenaiti inapogeuka kuwa martensaiti inaweza kuzaa vipande vyenye hadi maelekeo 24 tofauti. Kwa hiyo pete inayotoka kiwandani, kwa kipimo cha kawaida, haina upande: ukiivuta huku au kule, nguvu yake ni karibu ileile.

Pale ambapo dadu nyingi zimelala kwa namna moja, wataalamu husema chuma kina mlalo wa fuwele. Naomba nitumie neno hilo, mlalo, kwa sababu baadhi ya waandishi wetu hulieleza jambo hili kwa neno umbile la uso, na msomaji akisikia hivyo anafikiri habari ni ya ulaini au ukwaruzo unaohisiwa kwa kidole. Mlalo hauhisiwi kwa kidole. Pete inaweza kung'aa kama kioo na huku chini yake fuwele zimelala zote upande mmoja, kama manyoya ya mahameli yaliyopapaswa. Tena mlalo si ugonjwa. Bati za chuma zilizo ndani ya transfoma kubwa za umeme hutengenezwa kwa makusudi ziwe na mlalo mkali ili usumaku upite kwa urahisi, njia iliyotokana na hataza ya Mmarekani Norman Goss ya mwaka 1934. Tofauti ni kwamba katika transfoma mlalo uliagizwa, na katika beringi hakuna aliyeuagiza. Uliletwa na gololi zenyewe.

Mwaka 1881 kijana wa Kijerumani, Heinrich Hertz, akiwa bado hajatimiza miaka 25, alipata hesabu ya vitu viwili vyenye uso wa mviringo vinapokandamizana. Ni Hertz huyuhuyu ambaye jina lake tunalitaja tunapotafuta stesheni ya redio kwa megahezi. Kabla ya mawimbi alishughulika na lenzi za kioo zilizobanwa pamoja. Kwa hesabu zake, beringi ya 6309 ikibeba newtoni 5,000, yaani uzito wa karibu nusu tani, gololi inayobeba zaidi hugusana na pete ya ndani katika eneo jembamba lenye upana wa karibu nusu milimita na urefu wa milimita chache tu. Kanieneo katikati ya eneo hilo hufika takriban jigapaskali 2.3, ambayo ni zaidi ya mara 20,000 ya kanieneo ya hewa tunayoivuta. Fundi anayeinua beringi kwa mkono mmoja na kuiona nyepesi hana namna ya kuhisi jambo hilo.

Lakini lililo muhimu zaidi kwa hoja yangu ni kwamba mkazo unaoharibu hauko juu. Juu kabisa, chuma kinabanwa kutoka pande zote, na kitu kilichobanwa kila upande hakina pa kwenda. Mkazo wa kutelezesha, ule unaotaka kusukuma tabaka moja juu ya jingine kama mtu anavyosukuma karata za juu ya fungu, una kilele chake chini ya uso, na kwa mfano wetu kilele hicho kiko kwenye kina cha karibu milimita 0.2. Linganisha kina hicho na kile cha shimo la pete yangu. Anayetafuta chanzo cha gamba kwa kutazama uso peke yake anatafuta mahali pasipo penyewe.

Sasa fikiria mashine inayozunguka mara 3,000 kwa dakika. Kwa saa moja ni mizunguko 180,000, na kwa siku ya saa nane ni karibu milioni moja na nusu, huku kila mzunguko ukiileta sehemu ileile ya pete ya ndani chini ya gololi zaidi ya moja. Kila gololi inapopita, mkazo wa kutelezesha huvuta upande mmoja inapokaribia, kisha hugeuka na kuvuta upande wa pili inapoondoka. Ndani ya chembe, tabaka za atomu huteleza kidogo mno na kurudi. Kama kurudi kungelingana kabisa na kwenda, pete ingeishi milele. Hakulingani. Salio dogo sana hubaki, na kila tabaka linapoteleza ndani ya chembe iliyofungwa na majirani zake, chembe yenyewe hulazimika kugeuka kidogo. Vipimo vya nje vya pete havibadiliki kwa kiasi ambacho fundi angekigundua kwa mikromita, na hata hivyo, baada ya mizunguko mamilioni mengi, dadu zile za chumbani zimeanza kulala.

Mabadiliko hayo hayaji siku ya kwanza. A. P. Voskamp, mtafiti aliyefanya kazi katika maabara ya kampuni ya beringi ya SKF nchini Uholanzi, alieleza katika andiko lake la mwaka 1985 kwamba pete hupitia hatua tatu. Mwanzoni kabisa chuma hujizoesha: kinaachia kidogo mahali penye mkazo mkubwa, kinajiwekea mkazo wa kubana ndani yake, kisha kinatulia. Hufuata kipindi kirefu cha utulivu, na urefu wake hutegemea mzigo na joto. Hatua ya tatu ndiyo utulivu unavunjika: austenaiti iliyosalia hupungua, martensaiti huanza kuoza kwa sababu kaboni iliyokuwa imefungiwa inahama, mkazo wa ndani huongezeka na mlalo hujitokeza. Ukiikata pete ya namna hiyo, ukaisugua mpaka iwe kioo na kuipaka asidi ya nitriki iliyochanganywa na spiriti, hadubini huonyesha ukanda uliogeuka mweusi kwenye kina kilekile cha hesabu za Hertz. Ukiiacha ifanye kazi zaidi, ndani ya weusi huo hutokea mistari myeupe iliyoinama kwa takriban nyuzi 30 kutoka kwenye njia, na baadaye mingine iliyosimama zaidi, kwa takriban nyuzi 80. Watafiti Swahn, Becker na Vingsbo waliichambua mistari hiyo mwaka 1976, na mtu yeyote aliyewahi kuiona haisahau, kwa jinsi ilivyonyooka ndani ya kitu ambacho kila mtu alidhani kiko vilevile kama kilivyotoka dukani.

Mlalo wenyewe hauonekani kwa hadubini ya kawaida, unahitaji eksirei. Mionzi hiyo ikigonga fuwele hurudi kwa pembe maalumu zinazotegemea nafasi kati ya tabaka za atomu, kanuni iliyogunduliwa na Lawrence Bragg, ambaye alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1915 akiwa na miaka 25. Ukiigeuzageuza pete mbele ya mionzi na kuhesabu ni mingi kiasi gani inayorudi katika kila upande, unapata ramani ya mahali dadu zilikoelekea. Ugumu ni kwamba eksirei za maabara huingia ndani ya chuma kwa mikromita chache tu, kwa hiyo ili kufika chini mtafiti lazima aondoe chuma tabaka kwa tabaka. Naye haruhusiwi kutumia jiwe la kusagia, kwa sababu jiwe lingeharibu fuwele za juu na kuacha alama zake. Anatumia umeme na kimiminika cha kuyeyusha, anapima, anayeyusha tena, anapima tena. Kazi hiyo inataka subira ya mshona kofia.

Voskamp na E. J. Mittemeijer wa Chuo Kikuu cha Delft walichapisha mwaka 1996 matokeo ya kazi ya namna hiyo, na kwa bahati iliyonifurahisha, pete walizozipima zilikuwa pete za ndani za beringi ya 6309, ndugu za hii iliyo mezani kwangu. Waliona milalo ya aina mbili. Katika wa kwanza, uso wa mchemraba wa atomu umelala sambamba na njia ya gololi, na mshazari wa uso huo umeelekea upande ambao gololi inakwenda. Katika wa pili, lililolala sambamba na njia ni tabaka linalokata pembe ya mchemraba. Mlalo wa kwanza si mgeni kwa wanaoviringisha bati za chuma zikiwa baridi, kwani hutokea pia katika bati zilizofinywa kati ya magurudumu mawili mpaka zikawa nyembamba. La kushangaza ni kwamba bati limepoteza unene wake mwingi ili kuupata mlalo huo, na pete ya beringi imeupata ikiwa na unene uleule.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye sakafu bapa. Fuwele ya chuma cha aina hii inapopasuka kwa ghafla, hupenda kupasuka kufuata uso wa mchemraba. Mpasua kuni hahitaji kufundishwa jambo hili: gogo hukubali shoka likifuata nyuzi, na hukataa likizikata. Pete mpya haina nyuzi, kwa maana michemraba yake imeelekea kila upande, na ufa unaotaka kupita unakutana na chembe iliyokaa vibaya kila hatua. Pete ambayo michemraba yake imelazwa sambamba na njia imejitengenezea nyuzi, na nyuzi hizo zinakwenda sambamba na uso, kwenye kina kilekile chenye mkazo mkubwa. Ufa ukianza hapo, labda kwenye punje ndogo ya oksidi iliyobaki tangu chuma kilipoyeyushwa, una barabara iliyosafishwa. Unakwenda chini kwa chini, sambamba na uso, mpaka unapopata njia ya kutokea juu, na gamba linaondoka.

Sitaki kudai zaidi ya ninachoweza kukitetea. Wataalamu wanabishana ni kwa kiasi gani mlalo husababisha ufa na kwa kiasi gani ni mwenzake tu wa safari, kwa kuwa vyote viwili huletwa na mkazo uleule. Mimi naegemea upande wa wanaosema kwamba unasaidia ufa kuchagua mwelekeo, hata kama haukuuzaa. Wala sina eksirei ya kuipimia pete yangu.

Vilevile nakiri kwamba beringi nyingi zinazokufa katika mashine zetu hazifiki kwenye hatua hii. Zinakufa kwa vumbi la pumba lililopita kwenye sili iliyochanika, kwa maji, na kwa fundi anayeipigilia beringi kwenye shafti kwa nyundo huku akiigonga pete ya nje, kiasi kwamba gololi zinachapa alama zake kwenye njia kabla mashine haijawashwa. Beringi hizo mwandishi wako alizisema vizuri, na zinatambulika: vishimo vingi vidogo vilivyotawanyika, kutu ya kahawia, alama zenye nafasi sawasawa kama za gololi zilivyokaa. Uso wake umechafuka. Kwa hiyo pete yenye shimo moja bapa katikati ya njia safi inayong'aa ni ushahidi wa kinyume na alichoandika, maana chuma kisingepata muda wa kubadilika ndani kama uso ungekuwa umekwisha kuharibika kwa uchafu au ukavu. Mlalo hupatikana katika beringi iliyotunzwa na kubebeshwa sana.

Nayajua haya kwa uchungu kidogo. Katika miaka ya themanini, nikiwa kijana katika kiwanda ambacho sitakitaja, feni kubwa iliyokuwa chini ya uangalizi wangu ilianza kunguruma usiku na asubuhi tukaifungua. Grisi ndani yake ilikuwa bado laini na yenye rangi ya asali. Pete ya nje, ambayo haizunguki, ilikuwa na alama ya kazi upande mmoja tu, upande ambao mkanda ulikuwa ukivutia, na pete ya ndani ilikuwa na shimo hili ninalolitazama sasa. Msimamizi aliliona shimo, hakuitazama grisi, akaandika katika daftari kwamba ni uzembe wa ulainishaji, nami nikakatwa mshahara wa siku saba. Wiki mbili kabla ya hapo mtu wa zamu nyingine alikuwa amesogeza mota nyuma na kuukaza mkanda mpya kwa bomba refu, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa ukiteleza. Hilo halikuandikwa popote. Wiki mbili peke yake hazikutosha kuiua beringi, lakini mkanda ule haukuwa wa kwanza kukazwa hivyo, na chuma kilikuwa kimebeba deni la miaka.

Uzito wa deni hilo unaweza kuhesabika, na hesabu yake ni ya darasa la kawaida. Tangu kazi ya Gustaf Lundberg na Arvid Palmgren wa Sweden iliyotolewa mwaka 1947, umri wa beringi ya gololi hukadiriwa kwa kuchukua uwezo wake ulioandikwa katika orodha ya mtengenezaji, kuugawa kwa mzigo unaobebwa, na kukuza jibu kwa kipeo cha tatu. Unachopata ni mamilioni ya mizunguko ambayo beringi 90 kati ya 100 zitayafikisha. Uwezo wa 6309 ni takriban kilonewtoni 55. Ikibeba kilonewtoni 5, jibu ni mizunguko milioni 1,331, ambayo kwa mashine ya mizunguko 3,000 kwa dakika ni zaidi ya saa 7,300. Kaza mkanda mpaka mzigo uwe kilonewtoni 10, na jibu linashuka hadi milioni 166, yaani saa zipatazo 920. Kwa siku ya kazi ya saa nane, umetoka kwenye siku zaidi ya 900 ukaingia kwenye siku 115. Na kwa kuwa mzigo ukiongezeka maradufu kanieneo ya Hertz huongezeka kwa karibu robo tu, hakuna kitakachoonekana wala kusikika siku ambayo mkanda unakazwa. Gololi zinapita kwa mlio uleule. Chini yake, fuwele zinageuka upesi zaidi.

Kuna ushauri mmoja katika makala ile ambao naomba usahihishwe bila kuchelewa, nao ni ule wa kujaza grisi kila asubuhi. Beringi iliyoshindiliwa grisi hadi pomoni hupata joto, kwa sababu gololi hutumia nguvu kuikoroga, na joto ni rafiki mkubwa wa mabadiliko niliyoyaeleza: kaboni huhama kwa urahisi zaidi katika chuma chenye moto, na martensaiti huoza mapema. Mwenye mashine atakuwa anaua beringi yake kwa dawa. Afadhali atumie dakika hizo kuupima mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, aguse nyumba ya beringi kwa kiganja aone kama ina joto lisilo la kawaida, na aandike saa za kazi ukutani kwa chaki. Beringi iliyobanduka baada ya saa 7,000 imemaliza kazi yake kwa heshima. Iliyobanduka baada ya saa 800, ikiwa na njia safi na grisi nzuri, inamtaka atazame mkanda, puli na mnyooko wa shafti kabla ya kumtazama fundi au muuza duka.

Kuhusu beringi za bandia, sibishi kwamba zipo sokoni, na mtu aliyeuziwa chuma laini chenye nembo ya uongo ameibiwa. Lakini bandia nayo huacha alama zake: mara nyingi njia huzama au kuchimbika kote mapema, kizimba cha gololi hulegea, na namba zilizochapwa ubavuni hufutika kwa kidole chenye mafuta ya taa. Pete ya pichani haikuwa na dalili yoyote kati ya hizo, kwa kadiri picha ya gazeti inavyoweza kuonyesha.

Ningependa kujua kama mwandishi wako bado anayo pete ile, au kama anamkumbuka mwenye mashine aliyempa. Kama ipo, naomba aitazame tena akiwa na kioo cha kukuzia mchana wa jua: atazame kama sakafu ya shimo ni bapa, kama pete ya nje ina alama upande wa mkanda tu, na amuulize mwenye mashine ni lini mkanda ulibadilishwa na nani aliukaza. Na yule fundi aliyetajwa katika makala kwamba alifukuzwa kazi kwa sababu ya beringi hiyo, naomba naye aulizwe grisi aliyoikuta ndani ilikuwa ya rangi gani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi mitambo mstaafu,
Morogoro